Mdogo Mbele ya Mlima

Shinyanga mjini,
3 Februari 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shangazi Dina, na kwamba kile kikohozi cha Desemba kimeondoka bila kuaga. Mimi huku sijambo. Tumbo linakua, mtoto anacheza sana jioni, na daktari amenikataza safari ndefu mpaka nijifungue. Mkwe wako Nasibu yuko barabarani na lori, amepakia mzigo Isaka kwenda Kigali. Anakuamkia. Dada Pinky, bosi wangu, naye anakusalimu. Bado anakukumbuka ulivyokuja studio kupiga picha ya pasipoti ukagoma kuvua kofia.

Bahasha yako nimeipokea kwa Masudi, kondakta wa basi la huko. Memori kadi ilikuwa imeviringishwa kwenye kipande cha kanga na kufungwa kwa pini, kazi ya shangazi bila shaka. Nimezitazama picha zote. Nyingi zina kidole chako, baba, usikasirike. Lakini ile ya shangazi akitoka kisimani amejitanda kanga yake nyekundu, mlima Gulumwa wote ukiwa nyuma yake, ile nilimwita dada Pinky aje aione.

Nikueleze nilichoifanyia, maana najua ukiulizwa kijijini binti yako anafanya kazi gani unajibu "yuko kwenye makompyuta" halafu unabadili mazungumzo. Katika picha yako shangazi ni mdogo sana. Mlima ni mkubwa, mbingu ni kubwa, na jicho la mtazamaji linaingia humo likahangaika lisijue pa kutua. Kazi yangu ni kulishika mkono. Mlima nimeutia giza kidogo na kuupoza rangi ukawa wa kijivu cha baridi. Kanga nimeipasha moto mpaka ikawaka. Majani ya nyuma nimeyatia ukungu. Shangazi mwenyewe sikumkuza hata kidogo, nimepunguza vingine vyote ili abaki yeye. Mwisho nikasafisha takataka: mfuko wa plastiki ulionasa kwenye miiba, nguzo iliyolala, na michirizi myeusi iliyokatiza mlimani juu ya kichwa chake. Mstari ukipita nyuma ya kichwa cha mtu, jicho linaufuata mstari na kumsahau mtu. Nadhani zilikuwa njia za mbuzi. Nilichukua kipande safi cha mlima nikakipaka juu yake, basi.

Dada Pinky ameipenda mno. Kuna nyumba ya wageni kule Isaka inataka picha za mandhari za kutundika ukutani, na anaomba uendelee kupiga palepale, kwenye tanuri la matofali, mlima ule ule katika hali ya hewa tofauti. Nakutumia nakala kubwa ya hii ya kwanza muitundike.

Halafu nasikia kuna rashi ya dhahabu, watu wanakimbilia kuchimba upande wa pili wa Gulumwa. Ni kweli? Niambie wazi, usinipitishe kwenye utani.

Ni mimi binti yako,
Lusia


Ilalambogo,
15 Februari

Kwako binti yangu Lusia,

Marahaba, na marahaba nyingine ya barua iliyopita ambayo sikuijibu. Sisi huku mhola duhu, salama tu. Kikohozi kilikwenda zake. Shangazi yako miguu inamsumbua lakini mdomo ni mzima kabisa. Mwambie mjukuu wangu acheze kwa adabu, mama yake ana kazi za watu.

Picha ilifika bila mkunjo. Watu wamekuja kuitazama kama wanaokuja kumwona bibi harusi. Dina aliposogezwa mbele yake alisema, "Miaka yote hii natembea, kumbe nina ukubwa wa siafu." Alinung'unika siku nzima. Kesho yake nilimkuta anaifuta vumbi kwa kanga ile ile nyekundu, akajifanya anafuta ukuta. Sasa hatunayo tena. Mwenyekiti ameiomba kwa ajili ya ofisi ya kijiji, nami nikampa, kwa sababu nilikuwa nimevimba kichwa.

Umeniambia nikueleze wazi. Rashi ipo. Mwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, ni Gregory, mtoto wa Justa. Unamkumbuka? Nilimfundisha darasa la nne, alikaa dirishani, macho yake yako nje kila wakati. Siku hizi ana karasha ya kusagia mawe, jenereta na vijana wengi wanaoshuka shimoni kabla jua halijatoka. Akinikuta njiani bado anavua kofia. Anasema mwamba wenye dhahabu umekata kona na unakuja upande wetu, na vijana wake wanaufuata chini kwa chini.

Yapo mambo madogo madogo. Mlango wa jikoni uligoma kufunga. Nikaupiga randa, ukafunga, na baada ya muda ukagoma tena upande wa pili. Maji kwenye mtungi yanajichora duara yenyewe bila mtu kuyagusa. Mimi masikio yangu unayajua, simu kwangu ni kopo la nyuki, kwa hiyo sisikii chochote. Lakini asubuhi nikikaa kitandani na kuweka nyayo sakafuni, naona sakafu inatetemeka mithili ya basi lililowashwa. Dina anasema alfajiri mlima unaguna. Siku hizi anasinzia ameketi, viatu miguuni. Namtania kwamba anasubiri treni.

Juzi mbuzi wa Justa alitumbukia kwenye shimo ambalo jana yake halikuwepo. Watu wameanza kunong'ona. Wengine wamehamia kwa ndugu zao ng'ambo ya mbuga. Mimi siogopi. Nakuandikia hivyo kwa herufi kubwa na safi ili ujue nimeketi vizuri.

Nimepiga picha nyingine palepale kwenye tanuri. Kidole nimekiondoa.

Baba yako,
Selestine


Shinyanga mjini,
20 Februari

Baba,

Shikamoo. Hali yangu ni njema, na nasema hivyo kwa kuwa mtoto ni mzima. Mimi mwenyewe tangu jana sina amani.

Nimefungua picha mpya. Nilianza kazi kama kawaida, nikatia mlima giza, nikataka kusafisha juu ya kichwa cha shangazi, na mchirizi ukawa pale pale. Umekuwa mpana kuliko mwanzo. Nikaitafuta ile picha ya kwanza kabla sijaigusa, nikaziweka mbili pamoja, moja juu ya nyingine, ukingo wa tanuri juu ya ukingo wa tanuri, kisima juu ya kisima. Vyote vimekaa sawasawa isipokuwa mlima. Kipande cha chini cha mchirizi kimesogea kuja upande wa nyumba yetu, pamoja na mti uliosimama juu yake.

Baba, hizo si njia za mbuzi. Gulumwa umepasuka. Ulikuwa umepasuka tangu picha ya kwanza, na mimi ndiye niliyeufuta ufa kwa mkono wangu, kisha nikawatumia mlima mzima usio na kasoro mkautundika.

Nimechapa vibaya picha hizi mbili mara kadhaa. Zimo kwenye bahasha, hazijaguswa. Nimezungushia ufa kwa kalamu. Nenda nazo nje ukalinganishe. Nilimpigia mwenyekiti simu nikamweleza. Alicheka kwa upole, akaniambia nisijisumbue na hali yangu hii, kwamba picha yangu mwenyewe iko mbele yake ukutani na mlima hauna hata mkwaruzo.

Njoo Shinyanga, wewe na shangazi. Chumba kipo. Acheni mahindi, acheni kuku. Nakuomba kwa jina la mama.

Binti yako,
Lusia


Ilalambogo,
27 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Usinililie kwenye karatasi, wino umesambaa na mstari mmoja sikuusoma. Tuko wazima. Dina amekutumia dagaa wa Nkome, wamo kwenye mfuko wa Masudi. Wakaangwe kwa nyanya, mtoto anahitaji.

Barua yako ilifika siku moja baada ya mkutano wa kijiji. Laiti ingetangulia. Watu walikuwa wamejaa ofisini wakitaka Gregory asimamishe maduara mpaka aje mtaalamu aukague mlima. Gregory hakubishana. Aliinuka, akaishusha picha yako ukutani, akaipitisha mkono kwa mkono. Akasema mwenye wasiwasi autazame mlima vizuri, hii imepigwa na mwalimu wetu mwezi uliopita, imekuzwa na mashine za mjini zinazoonyesha hata unywele. Aoneshe mtu ufa uko wapi. Wakatazama. Wazee wakavaa miwani. Kisha akanigeukia na kuniuliza mbele ya wote kama picha ni yangu. Nikajibu ni yangu. Nilijibu kwa sauti, Lusia, kwa majivuno. Waliokuwa wamehama wakarudisha magodoro yao jioni ile ile.

Kesho yake nikazipokea picha zako mbili zenye duara la kalamu.

Nilichukua fimbo yangu ya kufundishia nikapanda kidogo mpaka kwenye majani marefu. Macho yangu hayakuona ufa wowote, nyasi zimeufunika mdomo wake. Nikachoma fimbo. Ikazama yote, na mkono ukafuata mpaka begani. Hewa iliyotoka mle ni ya baridi na inanuka baruti. Sasa naweza kukuambia kwamba naogopa. Niliogopa tangu mlango wa jikoni.

Niliwaonyesha watu picha zako za kalamu. Wanasema duara la kalamu mtu yeyote anaweza kulichora. Gregory alizitazama kwa heshima, akaniuliza sasa ni picha ipi tuiamini, ya mwanzo au ya leo, ikiwa zote zimetoka kompyuta moja. Kwa hiyo nakuomba kazi. Ulimfanya shangazi yako aonekane mbele ya mlima mzima. Ufanyie na ufa huo huo ujuzi. Uutie giza, uuwashe, ufanye unavyojua, ili hata mzee asiye na miwani auone.

Kuhusu kuja huko, Dina anaweza kuja. Mimi niliwarudisha watu hawa kwa mdomo wangu. Siwezi kutangulia kutoka.

Baba yako,
Selestine


Shinyanga mjini,
4 Machi

Shikamoo baba,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimeketi chini. Afya yangu si mbaya. Presha imepanda kidogo na daktari amesema nilale zaidi, lakini nikifumba macho nauona ule mchirizi.

Kazi uliyoniomba siwezi kuifanya, na nisikilize kwa nini. Nikiutia ufa giza, nimeuchora. Gregory atasema binti wa mwalimu amechora ufa, na ataniweza, kwa sababu ni kweli mkono wangu umeshapita mlimani mara moja. Kwenye ofisi ile picha yangu haina sauti tena. Inayotakiwa ni picha ambayo sijaigusa kabisa, na ndani yake ufa ujionyeshe wenyewe.

Nimekaa na dada Pinky tukafikiri. Ufa ni mweusi na uko ndani ya mawe ya kijivu na majani, ndiyo maana jicho linaupita. Hakuna kitu cha kuupimia. Ungewekwa kando yake kitu kidogo ambacho kila mtu Ilalambogo anajua ukubwa wake, chenye rangi isiyokuwepo mlimani, jicho lingekwenda hapo moja kwa moja, na likishafika lingeuona ufa pembeni.

Nimeandika hayo ndipo nikaona ninachokuambia. Baba, usipande. Nakujua. Usipande na usimtume mtu. Nilitaka kuichana karatasi hii nianze upya lakini basi la Masudi limeshapiga honi mara ya pili na hapa studio wateja wananisubiri. Nasibu atakuwa amerudi kutoka Kigali katikati ya mwezi, atakuja na mtaalamu wa miamba ambaye dada Pinky anamfahamu. Subirini hao. Kalaleni shuleni, wewe na shangazi, mbali na mlima.

Usipande.

Binti yako,
Lusia


Ilalambogo,
10 Machi

Kwa Lusia,

Marahaba mwanangu. Lala kama daktari alivyosema. Sisi tuko salama hadi ninapoandika.

Nilipanda. Ungeichana ile karatasi ningepanda tu, pengine bila maarifa, kwa hiyo usijihukumu. Kazi hii ni yako na ni yangu.

Nilimwomba Dina kanga yake. Aliuliza ya nini, nikamwambia, akaivua mabegani. Kisha akasema kama mimi napanda, yeye ndiye atakayepiga picha, kwa kuwa mimi siku zote nilimpiga akiwa na ndoo kichwani na hakuna aliyemuuliza kama anataka. Akasimama kwenye tanuri na simu ameikamata kwa mikono miwili. Nikapanda na mti mrefu wa mkaratusi. Nilipofika niliuchomeka kwenye mdomo wa ufa, upande wa chini, nikaukazia mawe, nikafunga kanga juu yake. Nikasimama kando nikiwa nimenyoosha mkono. Kwa chini sikusikia kitu, lakini mawe yalikuwa yanatembea kidogo kidogo chini ya viatu vyangu, na nakiri kwamba nilisali sala yote nikairudia.

Kadi imo humu. Dina anasema kidole chake hakimo.

Nilipoteremka Gregory alikuwa uani kwetu. Alikuwa amekasirika, halafu akaitazama kanga inavyopepea kule juu akacheka. "Mwalimu, mlima hauogopi kanga." Nikamshika bega kama nilivyokuwa namshika darasani nikimgeuza kutoka dirishani. Nikamwambia, "Ule mti nimeufunga chini kidogo ya lile jiwe jeupe lililo juu ya ufa. Kila asubuhi utazame kabla hujashusha watu. Ukiona umesogea, usishushe mtu." Alivua kofia akaenda zake.

Kanga inaonekana kutoka kila ua. Akina mama wanaitazama wakifagia. Baadhi wameshapeleka watoto kulala shuleni. Wengine wanasema mwalimu kazeeka anatafuta sifa, nami nawaacha waseme, mradi wanapolisema hilo wanainua macho juu. Mvua imekaza. Daraja la mto limeanza kuliwa, Masudi anasema akishindwa kupita na basi atavuka na bahasha kwa miguu.

Ukiipata picha, ichape. Usiiguse.

Baba yako,
Selestine


Shinyanga mjini,
17 Machi

Baba yangu, shikamoo,

Nakuandikia bila kujua nakuandikia wapi. Picha aliyoipiga shangazi niliipata kwa Masudi, bahasha imeloa. Niliifungua kwenye kompyuta na sikushika kitu. Mlima ulijaa skrini nzima, wa kijivu, na pale katikati alama nyekundu isiyozidi punje ya mtama. Jicho lilikwenda lenyewe. Nilipoikuza nikakuona wewe umenyoosha mkono, na kando yako giza refu ambalo ungeingia na kofia yako usionekane. Dada Pinky aliondoka chumbani. Tuliichapa kubwa kuliko zote, lakini basi haliendi tena, daraja limekatika.

Jana stendi mtu mmoja kutoka upande wa Kahama alisema mlima umeporomoka huko kwenye maduara. Hakujua jina la kijiji. Mwenyekiti hapatikani. Nimepiga mpaka simu imeisha chaji, nikaiweka kwenye umeme nikapiga tena. Kila mara naisikia sauti ya yule mwanamke wa kwenye mtandao akiniambia nijaribu baadaye.

Nasibu amerudi leo. Hakuvua viatu. Anaondoka sasa hivi kwa pikipiki na barua hii, atavuka mto atakapovukia. Mimi naumwa tangu alfajiri na dada Pinky anafunga studio anipeleke hospitali. Nilikufundisha namna ya kufanya kitu kidogo kionekane. Sikukufundisha namna ya kukitoa huko baada ya kuonekana.

Niandikie neno moja tu. Hata kama ni marahaba, nitaridhika.

Binti yako,
Lusia


Shule ya Ilalambogo, darasa la nne,
21 Machi

Binti yangu Lusia,

Marahaba.

Nimeliandika peke yake kwanza, kama ulivyoomba, ili ulisome kabla ya yote. Mimi ni mzima. Shangazi yako ni mzima, amelala kwenye dawati nyuma yangu, viatu miguuni. Nasibu alitufikia jana amejaa tope mpaka kwenye nyusi. Alipopata mtandao kilimani ng'ambo akaambiwa umejifungua mtoto wa kike. Alinipigia kelele sikioni mara tatu nikajifanya sijasikia, ili aseme tena. Wabeja sana, asante mwanangu. Mungu amlinde.

Ilikuwa asubuhi, watu wanawasha moto wa uji. Dina alikuwa nje anaosha vyombo. Aliingia ndani polepole, akasimama mbele yangu ili niuone mdomo wake, akasema, "Selestine, kanga imeshuka." Nikatoka. Jiwe jeupe lilikuwa mahali pake, na kanga ilikuwa chini yake mbali sana, imeinama. Nilitaka kukimbia nyumba hadi nyumba, lakini sikuhitaji. Kila mtu alikuwa amesimama uani kwake anatazama juu. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu. Walibeba watoto wakaanza kuja huku shuleni, wengine wameacha sufuria jikoni, na sisi tukafuata mwishoni kabisa, nimemshika Dina mkono. Gulumwa ulingoja mpaka tukavuka mbuga, ndipo ukaja. Mimi sikuusikia. Niliuona tu, na nikaona vumbi limeifunika nyumba yako uliyozaliwa, na kisima, na tanuri. Katika waliokuwa majumbani hakupotea hata mmoja.

Lakini vijana wa Gregory walikuwa wameshashuka kabla jua halijatoka. Kanga nyekundu inaonekana kutoka kila ua, Lusia, isipokuwa shimoni. Hilo sikulifikiri. Nilifikiri watazamaji wote wako juu ya ardhi.

Gregory alikuwa kwenye karasha, kwenye kona ya mlima ambako kanga inaonekana. Waliokuwa naye wanasema aliinua macho kama kawaida yake ya kila asubuhi, maana kumbe alikuwa anaitazama kila siku. Alitupa kofia akaingia shimoni anaita majina. Wengi walitoka. Wanasimulia kwamba alisimama kwenye ngazi ya chini anawasukuma kwa mabega, mmoja mmoja, akiwaambia wasigeuke nyuma. Wa mwisho alipotoa kichwa nje, alisikia ngazi inavunjika. Gregory hakutoka. Wamechimba kwa siku zote hizi na jana mvua imewafukuza.

Naogopa hata sasa, binti yangu. Nikifunga macho naona bega lake chini ya mkono wangu. Nilimgeuza kutoka dirishani miaka yote ili atazame ubao, na siku moja tu nikamwambia atazame nje, akatii.

Sasa nina kazi moja kwako. Mama yake, Justa, anataka picha ya kuweka mbele wakati wa matanga. Zilizomo kwenye simu za wenzake zote ni za baa, zina chupa na miwani ya giza, na yeye hazitaki. Mwalimu mkuu amepata hii kwenye kabati la shule. Ni picha yetu ya darasa, tumesimama uwanjani na Gulumwa nyuma yetu. Gregory yuko mstari wa mwisho pembeni, kwenye kivuli. Ni mdogo, hata mama yake ilibidi nimwonyeshe kwa kidole. Ametazama kando, kuelekea mlimani.

Iingize kwenye mashine yako ukipata nguvu. Mfanye aonekane. Wenzake watie giza kidogo, hawatanuna. Na mimi nimo hapo mbele na fimbo, nitie giza zaidi kuliko wote. Shati lake lilikuwa jeupe siku ile, nalikumbuka, lipe mwanga wake.

Ila mlima ulioko nyuma ya kichwa chake uache ulivyo. Usifute hata mchirizi mmoja.

Ni mimi baba yako,
Selestine